Usikimbie Ukiitwa

Katika miaka ya tisini nilikuwa msindikizaji wa watoto kwenye basi la shule, hapa Brussels. Dereva aliendesha, mimi niliwafuta kamasi, niliwaamulia ugomvi, na alasiri niliwashusha mmoja mmoja. Kituo kilichoninyima usingizi kilikuwa Jette. Pale alishuka msichana wa chekechea, na nyanyake, mama wa Lubumbashi mwenye magoti mabovu, alimngoja ng'ambo ya barabara.

Basi likisimama, taa zake ziliwakawaka, na sheria ilimtaka dereva anayelikaribia apunguze mwendo, na ikibidi asimame. Wapi! Walitupita kwa kasi kana kwamba tumewakosea. Nilishuka kwanza mimi, nikainua mkono, nikawatukana kwa Kirundi, ndipo nikamshika mtoto tukavuka.

Siku moja, kabla sijamshika, nyanya alimwita mjukuu wake aje, kutoka ng'ambo: "Mama! Kuya!"

Mtoto akachomoka chini ya mkono wangu. Kwao mtoto akiitwa na mkubwa hatembei, anakimbia. Hata kwetu Bujumbura tulilelewa hivyo. Gari jeupe likapita, likaunasa mkoba wake mgongoni na kuurusha hadi ukingoni. Mtoto akaanguka chali, mzima, akitafuta mkoba wake kwa macho. Nikamkimbilia, nikamwinua.

Nilikwenda polisi jioni ile ile. Namba ya gari? Sikuiona. Rangi? Nyeupe. Alipunguza mwendo? "Angepunguza, mtoto angeanguka?" nikafoka, nikaambiwa nitulie. Nikarudi tena na tena, hata wakawa wakiniona mlangoni wanaangaliana. Mwishowe wakatuma askari. Akasimama kituoni amevaa sare, na siku hiyo magari yote yakasimama, madereva wapole kama wanakwenda kubatizwa. Askari akaniaga kwa adabu na hakurudi. Kesho yake tukapitwa kama kawaida. Nilikaa kwenye ngazi ya basi nikalia mbele ya watoto, maana sikujua tena nimwendee nani.

Siku hiyo, baada ya kumvusha mtoto, nikamwambia nyanya, "Maman, nakuomba, usimwite tena."

"Nitanyamaza," akasema. "Donc siku ingine nikisahau? Ao mungine akimwita? Mutoto akiitwa anakimbia. Njo vile tulimulea."

"Alors tufanye nini, maman?"

Akamwinamia mjukuu wake, magoti yakimuuma, akamwambia taratibu: "Mama, kesho nitakuita. Usikuye. Hata nikikasirika, usikuye. Ubakie na maman wa basi."

Mtoto akamshangaa. Akauliza kama atapigwa.

Kesho yake nilimshika mkono kwa nguvu. Nyanya akaita. Mtoto akaruka, nikamvuta. Akaita tena siku iliyofuata, na iliyofuata, huku magari yakitupita, hata ikafika alasiri moja nikaulegeza mkono wangu na mtoto asiende. Alisimama ameshikilia sketi yangu, ameinamisha kichwa kwa aibu, kama mtoto anayejua amekosa adabu.

Ng'ambo, nyanya alikuwa analia. Alijifuta kwa ncha ya kitenge, akaita tena kwa sauti ya ukali, ili mjukuu wake azoee kutomtii.