Asiye na Jiwe Hapandi

Juzi, wakati wa kahawa kazini, mwenzangu wa jikoni alinisogezea simu niangalie picha zake za likizo. Mimi na yeye tunapika chakula cha shule kule Upplands Väsby, huku Uswidi, na miaka yote hii tumeelewana. Mama wa watu hana ubaya. Yeye na mumewe walikuwa wametoka kutalii Kenya. Ati wamevuka jangwa la Chalbi kwa lori, wakilala kwenye mahema, kujiburudisha! Nikacheka moyoni. Jangwa hilo hilo mimi nililivuka juu ya magunia ya sukari, na hakuna aliyenipiga picha.

Baba alikuwa dereva wa lori, akipeleka sukari na unga kutoka Marsabit hadi North Horr, na shule zikifungwa nilipanda naye. Acha nikwambie utamu wa safari ile. Chalbi ni tambarare nyeupe ya chumvi. Utaliona lori linakuja kwa mbali mpaka uchoke kulingoja. Jioni baba akizima injini, masikio yalibaki yanavuma. Turubai lilitandikwa chini ya lori, utingo akakanda unga juu ya debe lililopinduliwa, na chai ya maziwa ya ngamia, yenye harufu ya moshi, ikachemka kwenye jiko la mafuta ya taa, kwa kuwa pale katikati hakuna kuni wala jiwe la kuinjikia sufuria. Chapati zilikuwa na mchanga. Tulizitafuna hivyo hivyo, na hadi leo nikila chapati laini za huku mjini Rinkeby naona zimekosa kitu.

Mama amelala pale katikati. Nilikuwa sijang'oka hata meno ya mbele. Uchungu wa uzazi ulimshika kabla ya wakati tukiwa North Horr kwa watu wake, baba akampakia kwenye lori kumkimbiza hospitali Marsabit. Njiani mvua ikanyesha, mvua ile ile tuliyokuwa tumeiomba. Chalbi ikilowa ni uji. Lori lilizama hadi ekseli, likagoma. Wanaume walichimba, wakasukuma, wakaomba Mungu. Mama aliniambia nisilie, nitamtisha mtoto. Wakaondoka wote wawili, yeye na mtoto wake. Baba aliwazika hapo hapo, kisha akazunguka akitafuta jiwe la kuweka kichwani, akakosa. Akachomeka spana ya magurudumu.

Tangu hapo baba alikuwa na sheria yake. Ukipita Maikona, kabla ya kushuka kwenye tambarare, kuna uwanda wa mawe meusi, na lori lake lilikuwa lazima lisimame hapo. "Asiye na jiwe hapandi," alisema, uwe mfanyabiashara, uwe mwalimu mgeni, uwe chifu mwenyewe. Kila abiria alipakata jiwe lake. Kazi yangu ilikuwa kuyapaka, mstari mmoja mmoja wa rangi ya buluu iliyobaki kwenye kopo baada ya kupaka lori. Tukifika kwa mama tulishuka, tukaweka mawe, kila mtu akasema dua ya dini yake, tukanywa maji, tukaondoka. Madereva wengine wakaiga. Lundo likakua mpaka likawa alama yao ya njia, na mimi nikavimba kichwa. Yatima gani mwingine alikuwa na mama anayeonekana kutoka mbali vile?

Baba naye ameshaondoka, na madereva wa rika lake wamekwisha. Nimebaki na binti yangu. Huyu kila ninachomwambia hunijibu kwa Kiswidi, lakini habari za nyanya yake hachoki kuuliza. Desemba hii tumepanga kwenda, yeye na mimi. Aliokota jiwe ufukweni, karibu na nyumbani Hässelby, akalichora mstari wa buluu kwa rangi ya kucha. Liko dirishani jikoni tangu kiangazi.

Sasa rudi nami kwenye ile picha. Mwenzangu na mumewe wamechuchumaa, wanacheka, moto wa mkaa unawaka. Chini ya sufuria kuna mawe matatu meusi. Nyuma yao mengine yamekandamiza pembe za mahema. Nikaikuza picha kwa vidole. Jiwe lililo karibu na moto lina mstari wa buluu.

Nikamuuliza mawe hayo waliyatoa wapi.

"Bahati tu," alisema. "Jangwa zima halina jiwe, halafu pale tukakuta lundo zima linatungoja."

Akamega mkate wake wa mdalasini. Hakujua, na hilo ndilo linalonichoma: sina hata mtu wa kumkasirikia. Kama waliyarudisha au waliyaacha yametapakaa, sikuuliza. Niliogopa jibu. Nilimrudishia simu yake nikaenda kumenya viazi. Najua watu wataniambia yaliyopita si ndwele. Kwangu ni ndwele, na imenirudia nikiwa mtu mzima.

Nyumbani nilimsimulia binti yangu, maana ningemficha mpaka lini? Akaenda dirishani, akalichukua lile jiwe lake, akalishika kwa mikono miwili. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akanisemesha kwa Kiswahili.

"Mama, sasa tutajuaje nyanya yuko wapi?"

Nikamwambia aje ale kwanza, chakula kinapoa.