Kusuka Mota Buyenzi

Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa siku nilipoingia darasani na sindano, mkasi na futi ya fundi cherehani ndani ya mkoba, nikakuta wanaume kumi na wawili wameizunguka mota ya umeme iliyoungua. Waliniangalia, nami nikawaangalia. Katikati yao alisimama mzee mwenye kofia ya kudarizi na vidole vyeusi kwa grisi. Aliniuliza kwa adabu kama nilikuwa nimepotea njia.

Sikuwa nimepotea. Nilikuwa nimejiandikisha mwenyewe, kwa hiari yangu, na sahihi yangu ilikuwa kwenye fomu.

Kwa miaka kumi na miwili kabla ya hapo nilikuwa daktilo, yaani mpiga chapa, katika ghala moja la mtaa wa viwanda, karibu na bandari ya Bujumbura. Nilipiga barua, orodha za mizigo na vibali vya kutolea bidhaa, tena kwa kasi ambayo bosi alipenda kuwaonyesha wageni wake. Kisha vita vikaingia. Watu wakahama mitaa, mizigo ikapungua, na nchi jirani zilipotuwekea vikwazo mizigo ikakoma kabisa. Ghala tupu halihitaji orodha. Asubuhi moja tuliitwa watu wanane uani, bosi akatuambia, huku akitazama viatu vyake, kwamba twende nyumbani mpaka atakapotuita. Alikuwa mtu mwema, na nadhani aliamini kweli kwamba angetuita.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Buyenzi, nilikuwa naishi na mama yangu na binti zangu wawili. Mama aliipokea habari ile bila kuacha kuchambua mchele. Alisema kazi ya ofisi ni nguo ya kuazima, mwenyewe akiitaka unaivua. Niliudhika siku hiyo. Baada ya miezi mitatu ya kuzunguka mjini na barua zangu za sifa nilianza kuona kwamba alikuwa na hoja. Ofisi zilizokuwa bado wazi zilikuwa zimenunua kompyuta, na karani mmoja alinieleza kwamba siku hizi wakubwa wanajipigia barua wenyewe. Nilimwuliza mkubwa wake anapiga kwa vidole vingapi. Akasema viwili. Nikaenda zangu.

Ndipo nikasikia redioni kwamba idara ya kazi, kwa msaada wa wafadhili, itawafundisha ufundi watu wazima waliopoteza ajira. Nilifika pale saa moja asubuhi, nikakuta watu wamelizunguka jengo: walimu, wahudumu wa hoteli, wapima ardhi, hata mtu mmoja aliyekuwa akitengeneza saa. Ukutani yalibandikwa majina ya kozi nne kwa Kifaransa. Foleni ya ushonaji ilifika mpaka barabarani. Ya sabuni ilikuwa ndefu, ya mikate ndefu zaidi. Kozi ya nne haikuwa na foleni. Karatasi yake iliandikwa neno moja tu: bobinage.

Kifaransa nilikijua, na hilo ndilo lililoniponza. Bobini ni kile kigurudumu cha uzi kinachokaa ndani ya cherehani, na hakuna mwanamke wa Buyenzi asiyekijua. Nikajiambia kwamba hii ni kozi ya nyuzi, pengine ya kiwanda cha nguo, na watu wote hawa wamesimama juani kwa kutokujua kusoma. Nikaenda moja kwa moja hadi mezani. Karani alinitazama, akafungua mdomo, akaghairi, akagonga muhuri.

Kumbe bobini iko hata kwenye mota, ila ni ya waya. Mota ikiungua unakata na kutoa waya wote wa shaba uliomo ndani, kisha unazungusha waya mwingine na kuupanga upya, mzunguko kwa mzunguko. Mafundi wa kwetu wanaita kusuka mota. Yule mzee mwenye kofia, ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu, alinieleza hayo yote pale mlangoni bila kucheka. Wengine walikuwa wakicheka kwa niaba yake. Akanishauri nirudi ofisini wanibadilishie kozi.

Niliifikiria ile foleni. Nikamfikiria na mama, ambaye asubuhi ile alikuwa ameshawaambia majirani watatu kwamba binti yake ameingia shule.

"Fundi," nikamwambia, "umesema hii kazi inaitwa kusuka?"

"Ndiyo. Kusuka."

"Mi nimesuka nywele na mikeka tangu niko mutoto. Nionyeshe hii yenu."

Akanisogezea kiti, akaniuliza nilikuwa nikifanya kazi gani, nikamweleza. Kuanzia siku hiyo akaniita Sekretere, yaani karani wa ofisi, na darasa zima likamfuata.

Darasa lenyewe lilikuwa gereji, nyuma ya maduka ya vipuri. Fundi alitupanga wawiliwawili, na mimi nikapangwa na dereva, mtu mkubwa wa mwili na mpole wa maneno, aliyekuwa akiendesha malori ya masafa marefu mpaka Dar es Salaam. Tangu mipaka ifungwe lori lake lilikuwa limelazwa juu ya matofali. Vidole vyake vilikuwa vinene mno kwa waya mwembamba, na mikono yangu ilikuwa dhaifu mno kwa patasi, kwa hiyo tuligawana: yeye anakata na kutoa kilichoungua, mimi nahesabu mizunguko na kusuka mipya. Alikuja kwa miguu kutoka mitaa ya kaskazini. Wanafunzi wengine walitoka mitaa ambayo wakati ule haikuwa ikisalimiana. Buyenzi ilikuwa haijachagua upande katika vita vile, na ndani ya gereji ile sikuwahi kusikia ugomvi isipokuwa juu ya koleo, kwa kuwa koleo nzuri ilikuwa moja tu.

Siku ambazo milio ya bunduki ilisikika kutoka milimani, fundi aliinamisha kichwa na kusikiliza kama anavyosikiliza injini. Kisha alisema ama "iko mbali," tukaendelea, ama "tufunge," tukaenda nyumbani. Hakuwahi kukosea.

Mota yangu ya kwanza nilimaliza kuisuka baada ya siku tano. Nilihesabu kila mzunguko kwa sauti, nikaingiza karatasi za kuhami, nikafunga ncha kwa uzi, na niseme ukweli, ilipendeza kuitazama. Fundi alipoiwasha iliunguruma, ikatetemeka, ikaanza kutoa moshi. Akaizima upesi. Aliinama juu yake muda mrefu, kisha akanionyesha kwa ncha ya bisibisi: koili ya pili, yaani fungu la pili la mizunguko kati ya kumi na mawili, nilikuwa nimeiweka kinyume. Nilitaka kujua kama haiwezekani kuirekebisha hiyo moja tu.

"Sekretere," akasema, "kule ofisini ukikosea mustari wa kwanza wa barua, ulikuwa unafanyaje?"

"Nilikuwa natoa karatasi, naanza upya."

"Basi toa karatasi."

Dereva akachukua patasi yake. Nilienda nyuma ya gereji nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi. Mara ya pili ilichukua siku tatu, na mota ikazunguka.

Mtu wa kwanza kutuamini alikuwa mwenye kiwanda cha mikate, mzee wa ukoo wa Kiarabu ambao ulikuwa ukifanya biashara mjini tangu enzi za babu zake. Mota ya mashine yake ya kukandia unga iliungua wiki moja kabla ya Ramadhani. Mota mpya hazikuwapo popote kwa sababu ya vikwazo, na watu wake walikuwa wakikanda kwa mikono mpaka mabega yakavimba. Alikuja gereji kumtafuta fundi. Fundi alikuwa kitandani kwa malaria, na darasani tulikuwamo mimi na dereva tu.

Aliuliza mafundi wako wapi. Nikamjibu kwamba ni sisi. Akamgeukia dereva, akamwuliza kama nasema kweli. Dereva akamwambia kwamba yeye ni mkataji tu, fundi ni huyu mama.

Waya mpya haukuwapo pia. Tulifungua mashine ya zamani ya kuchomelea iliyokuwa ikiota kutu nyuma ya duka la mjomba wangu, tukaichomoa shaba yake, tukainyoosha uani kutoka ukuta hadi ukuta. Nikasuka. Tatizo likabaki kukausha vanishi inayopakwa juu ya waya ili ushike, maana yalikuwa majira ya mvua na jua halikuonekana. Dereva ndiye aliyewaza tanuri la mikate. Mwenye kiwanda alikataa, akakataa tena, kisha akakubali kwa sharti kwamba tuiingize mota baada ya mkate wa mwisho kutoka. Tuliiacha mle mpaka ikakauka vizuri. Mkate wa kesho yake ulikuwa na harufu fulani. Mama alisema unanuka kabati jipya. Lakini mashine ilikanda unga Ramadhani nzima bila kusimama, na kabla ya Idi watu walikuwa wakileta kwetu feni, pampu za maji na mota za mashine za kusagia.

Kozi ilipokaribia kwisha, afisa wa idara ya kazi alikuja kutukagua. Alikuwa na fomu yenye safu mbili: ameajiriwa, hajaajiriwa. Alituita mmoja mmoja, na sote kumi na wawili tuliangukia safu ya pili, kwa kuwa viwanda ambavyo mpango ule ulitegemea kutupeleka vilikuwa vimefungwa. Uso wake ulizidi kunyong'onyea. Alisema wazi kwamba akipeleka karatasi ile kama ilivyo, kozi itafutwa na sisi tutakuwa wa mwisho.

Nilimwuliza kama ameona zile mota kumi zilizopangwa ukutani.

"Nimeziona, Mama. Lakini nani amewaajiri?"

"Apana mutu. Kazi tunayo. Bosi ndiye hatuna."

Aligeuza ile fomu, akatazama nyuma yake kana kwamba jibu lingeweza kuwa limeandikwa huko. Alisema mahali pa kuandika jambo kama hilo hapapo. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyechoka, akaongeza kwamba hata akitaka kubadili chochote, ripoti lazima iwe imepigwa chapa siku hiyohiyo, na daktilo wake alikuwa amekwama nyumbani kwa sababu njia za mtaa wake zilikuwa zimefungwa.

Darasa zima likageuka kunitazama.

Nilikwenda naye ofisini kwake na mikono yangu ya grisi. Nilinawa, nikakaa mbele ya mashine, nikapiga ripoti nzima, na nilipofika kwenye jedwali nikapiga safu tatu badala ya mbili. Ya tatu niliiita: ana kazi, hana mwajiri. Sikumwuliza. Alisoma akiwa amesimama nyuma yangu, nikasubiri anikemee. Aliuliza tu kama neno "mwajiri" la Kifaransa nimeliandika sawasawa. Nikamwambia ndiyo. Akatia sahihi.

Kozi ikaendelea. Safu ile ya tatu niliiona tena mwaka uliofuata katika fomu za kozi nyingine, imechapwa vizuri, na hakuna aliyejua imetoka wapi. Vyeti vyetu vilipofika vilikuwa vimechapwa "Bwana" vyote, pamoja na changu. Mama alikitundika hivyohivyo sebuleni.

Mimi na dereva tukapanga chumba kando ya gereji, na kwa muda tulifanya kazi vizuri. Kisha vikwazo vikaondolewa. Maduka yakajaa mota mpya za bei nafuu, na wateja wetu wakapotea. Katika majuma hayo bosi wa zamani wa dereva akamtuma mtu kumwita. Lori lilikuwa limeshushwa kutoka kwenye matofali.

Alikuja asubuhi, akasimama mlangoni, hakukaa. Alizungukazunguka kwa maneno mpaka nikamsaidia, nikamwambia naona ameitwa.

"Njia si ile ya zamani, dada," akasema. "Watu wanapigwa risasi huko. Lakini mi ni mutu wa lori. Humu ndani nimejifunza kazi, sikujifunza kukaa."

Nilimwambia aende, na Mungu amtangulie. Alinipa patasi yake. Juma lile lote nilifanya kazi kidogo sana, nikawajibu binti zangu vibaya, na mama akanipikia uji bila kuniuliza kitu. Dereva alirudi salama safari hiyo na nyingine nyingi, na kila alipopita mjini alituletea kitu, mara nyingi nazi.

Zile mota mpya zilikuwa na waya mwembamba, na umeme wetu ulikuwa wa kukatika na kurudi kwa kishindo. Hazikumaliza mwaka. Zilianza kuja moja moja, kisha kwa mikokoteni, na mikono yangu miwili haikutosha. Nilikwenda kwa wanawake wawili niliowafahamu, waliosimama kwenye ile foleni ndefu ya ushonaji. Walikuwa wamehitimu vizuri na kila mmoja alikuwa na cherehani, lakini mtaa mzima sasa ulikuwa unashona, na aliyebaki kushonewa hakuonekana. Niliwauliza kama wanaogopa umeme. Mmoja alisema anaogopa zaidi kukaa bure.

Nikawafundisha kama nilivyofundishwa. Walihesabu kwa sauti, wakakosea, wakatoa yote, wakaanza tena. Mota yao ya kwanza ilikuwa ya feni ya mezani. Tulipoichomeka ikazunguka taratibu, kisha kwa kasi, ikatupeperushia mitandio. Mwenyewe hakuja kuichukua siku ile. Tukaiacha izunguke mchana kutwa, maana kulikuwa na joto.