Chungu cha Lusia Jukwaani

Tangu alipougua ile homa kali ya utotoni, sikio la kushoto la Yotamu lilikuwa pambo tu. Sasa la kulia nalo lilikuwa limeanza kumtupa mkono, na kwa mpiga gitaa la solo wa bendi, hiyo si habari ya kutangaza. Mkewe Atuganile ndiye pekee aliyeambiwa. Jukwaani alijisaidia kwa ujanja: alisimama mguu wake umeegemea boksi la spika, boksi zito la mninga alilolichonga kwa mikono yake, na mlio wa gitaa ukampanda kwenye mfupa hadi kifuani. Mashabiki wa Mbeya walidhani ni maringo, naye akawaacha wadhani hivyo.

Mwaka sabini na sita bendi ilialikwa Iringa kupiga bugi, dansi la mchana. Walisafiri kwa lori pamoja na vyombo vyao, Yotamu akiwa amepakata chungu kikubwa cha Wakisi, wale wafinyanzi wa Ziwa Nyasa, zawadi ya kumpelekea dada yake Lusia aliyeolewa huko Iringa. Wenzake walimtania wakaishiwa maneno. Yeye aliweka kidevu kwenye mdomo wa chungu na kutulia, maana ngurumo ya injini ilikuwa ikimfikia humo vizuri kuliko alivyoisikia kwa sikio.

Walipofika Chimala, Saulo, mpiga besi, aliona mchele mweupe wa bei nzuri, tamaa ikamshika. Miaka ile mchele haukuvuka mkoa bila kibali, na geti la ukaguzi halikuwa mbali. Yotamu aliposhuka kunywa chai, Saulo alifungua mgongo wa boksi la spika na kulishindilia mchele hadi likashiba. Getini askari aliona magitaa, akacheka, akawaruhusu wapite. Saulo akajiona mjanja wa dunia. Mbele kidogo ng'ombe wa Wasukuma wa Usangu wakakatiza barabara, dereva akakanyaga breki, na boksi likaanguka na uzito wake wote. Mninga ulipasuka, spika moja ikachanika, mchele ukatapakaa hadi kwenye viatu vya Yotamu.

"Saulo! Boksi langu umelifanya kihenge?"

"Nisamehe, kaka. Niliona lina nafasi."

Yotamu alikung'uta viatu, akapakata chungu chake hadi Iringa.

Pale ukumbini waliweka ile spika iliyopona mezani, uchi bila boksi lake. Ililia kama debe tupu. Sedekia, kiongozi wa bendi, alikunja uso. Yotamu alikunja moyo, kwa sababu yeye hata hilo debe hakulisikia sawasawa. Bila boksi la kuegemea angepotea katikati ya wimbo, mbele ya watu, na siri ingefichuka. Tena alishapata fununu kwamba Sedekia anaongea na kijana mmoja wa Tukuyu mwenye vidole vyepesi kwenye gitaa. Aliogopa, na aliogopa hasa.

Ndipo akakumbuka ngurumo ya lori kwenye kidevu chake.

Alikichukua chungu cha Lusia, akakalisha spika kwenye mdomo wa chungu, mgongo wa spika ukiwa ndani, kisha akaifunga kwa mipira ya tairi. Aligusa uzi mmoja. Sauti ilitoka nene, ya duara, kama ya boksi la mninga kabisa. Saulo alishangilia kuliko wote, kwa sababu zake. Wakakilaza chungu juu ya gunia, mdomo ukielekea mguu wa Yotamu, na mbele ya chungu wakasimamisha maikrofoni ya ukumbi ili spika za ukutani ziwafikishie wachezaji mlio huo.

Mzee Abrahamu, mtunza ukumbi, akaja kukagua. Hakupendezwa.

"Sasa chungu kinamwimbia nani? Kigeuzeni kiwatazame watu!"

Yotamu alikishika chungu kwa mikono miwili. Jasho lilimtoka, na Iringa ile ilivyo na baridi. Sedekia akaja, akachuchumaa, akakisukuma chungu hadi kikagusa mguu wa Yotamu.

"Kiache hapa, mzee. Watu watasikia kwa maikrofoni yako. Huyu mwenzetu anasikia kwa mguu."

Hakuna aliyeshtuka. Saulo aliendelea kukaza nyuzi zake, hata kichwa hakuinua. Yotamu aliwatazama mmoja mmoja.

"Mnajua?"

Sedekia alisogea upande wa sikio la kulia la mwenzake, upande aliousogelea siku zote, jambo ambalo Yotamu hakuwahi kulitilia maanani.

"Tangu zamani, ndugu yangu. Kila tukipanga vyombo, boksi tunaligeuza kwako. Ulidhani linatembea?"

"Na yule kijana wa Tukuyu?"

"Anakuja kupiga ridhim. Solo tunaye."

"Ndaga," alisema Yotamu, asante ya kwao Unyakyusa. Aliinamia gitaa muda mrefu, akijifanya anakaza uzi.

Bugi lilikwenda vizuri. Lusia alikuja kumsalimu kaka yake, akakiona chungu chake jukwaani kimefungwa mipira kama mgonjwa. Badala yake alipewa mchele wa Saulo, uliopepetwa. Chungu kilirudi Mbeya, na njia nzima alikipakata Saulo.