Wifi na Majani Yaliyoliwa

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, alikuwa fundi cherehani miaka kumi na tisa kabla mgongo haujamgomea. Kazi ya makumbusho nilimtafutia mimi, maana mimi ndiye mpika chai wa pale, na chai yangu inafika mpaka mezani kwa mkurugenzi. Wakampa stoo ya visukuku vya majani: mawe bapa yaliyopasuliwa, na ndani yake alama ya jani lililozama kwenye tope la ziwa mamilioni ya miaka iliyopita. Kazi yake ilikuwa kufuta vumbi, kubandika namba na kupanga kwenye droo. Nilimcheka mno.

"Wifi, umetoka kuvalisha watu, sasa unaogesha mawe."

Hacheki, hanuni. Anaendelea tu na brashi yake, na tabia hiyo inaniudhi mpaka kesho.

Mkuu wa idara ni Profesa, mtu mwema ila anajisikia kidogo. Siku moja alimweleza wifi, nami nikiwa pale na birika, kwamba jani la kale linasema habari za hali ya hewa ya zamani. Penye joto, miti mingi huwa na majani ya ukingo laini. Penye baridi, mingi huwa na majani yenye meno pembeni, kama msumeno. Unahesabu aina za miti, unaona ngapi ni laini, unapata joto la wakati ule. Yeye alihesabu kwenye picha, kwenye kompyuta yake: aina ishirini na nne, na kumi na moja zina meno. Hesabu yake ikatoka digrii kumi na nane. Mahali pa baridi, akasema, na ripoti akaiandika.

Wiki chache baadaye tulikuwa tunakula stoo, wifi akaweka sahani chini.

"Wifi, yale si meno."

"Ni nini basi? Na wewe ni nani wa kusema?"

Akachukua jiwe, akaliinamisha dirishani mwanga ulipige ubavuni. "Ona ukingo una kauvimbe kembamba. Jani liliumwa na mdudu likiwa hai, likapona. Halafu fuata mshipa. Jino la kweli linakuwa na mshipa wake mpaka nchani, hapa mshipa umekatwa njiani. Miaka yote ile nimeletewa nguo zilizotafunwa na panya, mwenyewe anaapa ni mtindo. Mimi sidanganyiki na ukingo."

Niliona kweli. Nikaogopa palepale.

"Nyamaza, wifi. Mkataba wako unaisha mwezi huu, na kalamu anayo Profesa. Ukimwaibisha utatoka getini, na kaka yangu atakula hayo mawe."

Akavuta sahani yake akaendelea kula. Kichwa kigumu, nimesema tangu siku ya harusi yao.

Jumatatu kikao cha idara kimekaa, mimi nagawa vikombe, nikamwona anaingia na aproni yake.

"Samahani, Profesa. Katika zile aina kumi na moja, nane hazina meno. Zimeliwa na wadudu."

Profesa akavua miwani. "Mama, majani haya nimeyasoma kabla hujaingia humu."

"Umesoma picha, Profesa. Mawe nayashika mimi."

Profesa akasema taratibu, na hapo ndipo mtu ujue amekasirika: "Basi niletee jani moja zima, la ukingo laini, kwa kila aina kati ya hizo nane. Ukikosa hata moja, stoo nitampa mwingine."

"Sawa," akasema wifi, akatoka.

Nilidhani ameenda kulia. Kumbe ameenda kuleta toroli. Juu yake sinia nane zenye mchanga, na kwenye kila sinia jani limelala, limeungwa vipande kwa vipande. Vile vipande vilikuwa kwenye masanduku ya kutupwa. Miaka yote mitatu aliyokaa stoo, mimi nikipiga soga wakati wa chakula, yeye anatafuta kipande kipi kinaenda na kipi, kama viraka.

Profesa akashika lenzi. Sinia ya kwanza, akainama. Ya pili, akainama zaidi. Akafuata mishipa kwa ncha ya kalamu, ikawa ni ileile ya jani la picha, na ukingo laini pande zote. Kwenye ya nne akavuta kiti akakaa. Ya saba akaguna. Ya nane akainua kichwa.

"Hapa pamekosekana. Ncha haipo."

Kweli haikuwepo. Wifi akatia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kijiwe kama ukucha.

"Hiki niliogopa kisianguke njiani."

Akakiweka. Kikaingia kama kifungo kwenye tundu lake, laini tupu.

Profesa akaenda ubaoni mwenyewe. Akafuta zile laini kumi na tatu za mwanzo, akaandika laini ishirini na moja kati ya ishirini na nne, akapiga hesabu mbele ya watu wote. Digrii ishirini na nane. Akaipigia mstari.

"Ulikuwa msitu wa joto," akasema. "Umejaa wadudu."

"Wenye njaa, Profesa."

Akacheka, wote wakacheka. Akamvutia wifi kiti, kiti chake yeye mwenyewe. "Ripoti tunaandika upya, na jina lako linakaa kando ya langu. Mkataba ulete leo nisaini." Kisha akanigeukia. "Mama chai, mpe fundi chai."

Nikamimina. Nikamwaga nusu kwenye kisahani, wala sikujali. Nikasema kwa sauti kila mtu asikie:

"Huyu ni wifi yangu. Nimemleta mimi."