Benki walituambia tulete ofa, tukapeleka pilau: tulivyonunua jengo la kampuni Temeke

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, na nyie wadogo nawaitikia marahaba kabisa ili tusisumbuane.

Kuna uzi humu vijana wanalalamika kwamba benki hazitaki kukopesha kampuni changa. Nimeusoma wote mpaka macho yakauma, nikaona ngoja na mie mama yenu niseme yangu. Yalinikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza, na pale mtakapocheka mjue nilikuwa mjinga kweli.

Ilikuwa Temeke, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Enzi za ruksa zimekolea, kila mtu anauza kitu.

Mie na mwenzangu Anastazia, binti wa Kingoni kutoka Songea, mtu wa kanisani hasa, tulikuwa mafundi cherehani. Mitumba ilipomwagika mjini mafundi wengi walikosa kazi. Nani akupe kitambaa ushone gauni wiki nzima wakati sokoni anachagua la Ulaya kwa bei ya uzi?

Tukakaa tukafikiri. Kwenye robota la mitumba unakuta kila kitu mpaka makoti ya baridi ambayo Dar hatuyahitaji, ila hukuti sketi ya bluu ya shule ya msingi. Tukageukia sare za shule.

Vyerehani viwili vikawa sita. Tukasajili kampuni, tukachongesha mhuri. Ule mhuri niliupiga mpaka kwenye daftari la mapishi, raha tu ya kuuona.

Jengo tulikuwa tumepanga kwa Bi Mwajuma, mjane wa Kizaramo asiye na mtoto, yeye mwenyewe akiishi chumba cha uani. Nyumba iko barabarani, ina umeme, na shule tatu ziko jirani. Mzazi akimtoa mtoto shuleni anapita mlangoni kwetu.

Siku moja Bi Mwajuma akatuita uani.

"Wanangu, nauza. Nataka nirudi Chanika kwenye shamba la wazee wangu. Kuna bwana mmoja wa bia anaitaka nyumba aifanye ghala. Nimeona niwaambie nyie kwanza."

"Shikamoo bibi, mbona unatuua?" nikasema, maana salamu niliisahau mwanzoni.

"Marahaba. Sikuueni. Ila Ramadhani isinikute sijamaliza. Siwezi kufunga huku kichwani nina mambo ya bia."

Tulikuwa na miezi miwili na kidogo. Tukitolewa pale hatuna wateja, na kampuni yenyewe ina mwaka mmoja na nusu tu. Tulichochanga kwenye upatu hakikufika hata robo ya bei. Ikabaki benki.

Afisa mikopo alikuwa baba mmoja mkimya wa miwani, sie tukampa jina la Bwana Mikopo. Alipekua barua za oda kutoka kwa walimu wakuu, akatuangalia.

"Kampuni changa sana hii."

"Inakua haraka," Anastazia akajibu.

"Dhamana yenu nini?"

"Hilohilo jengo tunalotaka kununua."

Akafunga faili. "Basi leteni ofa, ndo tuongee." Akaita mteja mwingine.

Wakuu, tuelewane. Nyie leo mna simu, mnauliza neno lolote mnajibiwa. Sie Temeke ofa tuliijua moja tu: mtu anakunulia soda, au chakula, kwa pesa yake. Ukiambiwa lete ofa, maana yake toa chochote.

Tulipofika nje Anastazia akawaka.

"Umemsikia? Anaomba mchana kweupe! Mie hongo sitoi. Nikaungame nini kwa padri?"

"Hongo ni ya kificho, ya mtu mmoja," nikamwambia. "Tukiwalisha wote, hiyo ni shughuli."

Akafikiri mpaka tukavuka barabara.

"Wote wote? Mpaka mlinzi?"

"Mpaka mlinzi."

"Basi sawa."

Ijumaa tukapika. Pilau la nyama, kuku wawili wa kukaanga, kachumbari yenye pilipili ya kutosha. Sufuria nikaifunga kwa kanga mpya, tukakodi teksi, na kreti mbili za soda nyuma. Mlinzi wa benki akatuuliza ni msiba au harusi.

"Ofa," nikamjibu kwa kujiamini, nikapita.

Nikaitua sufuria juu ya meza ya Bwana Mikopo, palepale kwenye mafaili. "Baba, ofa hiyo. Ulisema tulete."

Benki nzima wakageuka. Kisha keshia mmoja akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, akainama chini ya kaunta. Bwana Mikopo akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama. Ofa. Barua ya ofa! Ile karatasi ya ardhi, inayoonyesha kiwanja serikali imempa nani!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Anastazia yeye alifumba macho, nadhani alikuwa anasali.

Meneja akatoka ofisini kwake akiifuata harufu. Alipoelezwa alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema chakula kikae chumba cha nyuma mpaka saa ya mapumziko, wale wote, na mkopo usipate hata nukta moja ya upendeleo kwa sababu yake. Anastazia akasema hayo ndiyo maneno aliyokuwa anayasubiri, na saa ilipofika akaanza kumpakulia mlinzi.

Tulipokuwa tunaondoka Bwana Mikopo akatusindikiza mlangoni. Kwa mara ya kwanza alikuwa anatabasamu. "Leteni karatasi. Nitakuja mwenyewe kuona hicho kiwanda."

Haya, tukarudi kwa Bi Mwajuma kumwomba hiyo barua.

Alivyobadilika sura sijasahau. Akatuingiza ndani, akafunga mlango, akatoa kopo la biskuti chini ya kitanda.

"Marehemu aliniachia hii. Akasema nisimpe mtu. Sasa mdogo wake kila akija ananiambia humu mna jina la kaka yake, kwa hiyo nyumba ni ya ukoo wao, mie nimestiriwa tu. Ndo maana nauza kwa yule wa bia. Bei yake mbaya, lakini haulizi karatasi."

"Na wewe bibi hujawahi kuisoma?"

"Mie nasoma Kurani, mwanangu. Herufi za kizungu sizijui."

"Hata kumpa mtu akusomee?"

Akalikumbatia kopo. Kisha akasema polepole, "Na kama ni kweli?"

Nafasi yetu yote ilikuwa ndani ya lile kopo. Kama jina ni la marehemu, ukoo mzima utaingia, na Ramadhani itatukuta barazani na vyerehani vyetu.

Anastazia ndiye aliyepiga magoti mbele yake. "Bibi, tuisome sie watatu tu. Ikiwa mbaya tunaikunja, inarudi kwenye kopo, na hatukuiona."

Akatukabidhi karatasi.

Ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha darasa la saba. Lakini jina halina Kiingereza. Nikaweka kidole pale, nikasoma kwa sauti.

"Mwajuma binti Shomari."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akanisomesha mara tatu, na ya nne akamtaka Anastazia asome, maana mie aliniona nina haja na nyumba, na mtu wa kanisani hadanganyi.

"Mimi?" akasema. "Miaka yote hiyo nafagia uwanja huu nikijiona mgeni?" Akaanza kulia na kucheka pamoja, huku anamsema marehemu mumewe kwa kutokumwambia. Na sie tukalia. Sikuwa nalilia mkopo tena.

Sasa sikilizeni huyu Anastazia. Kabla machozi hayajakauka akasema, "Bibi, na karatasi safi hivi, unaweza kuuza ghali zaidi. Hata yule wa bia atapanda."

Nilimfinya, wakuu. Nilimfinya hasa.

Bi Mwajuma akatuangalia mmoja mmoja. Akasema wa bia tusimtaje tena nyumbani kwake. Ila bei akaongeza. Kidogo, lakini akaongeza! Alisema ni kwa sababu ile Ijumaa pilau lilipikwa uani kwake na hakuonjeshwa. Nyongeza hiyo akakubali tumlipe kidogokidogo, kila muhula wa shule ukifunguliwa.

Bwana Mikopo alikuja kweli. Alihesabu vyerehani, akauliza hesabu zetu tunaandika wapi, nikamwonyesha migongo ya kalenda. Alishika kichwa. Akakaa na sie mchana mzima akitufundisha kuandika vitabu vya kampuni, na mkopo ulipitishwa wiki mbili kabla ya mwezi kuandama.

Siku ya kusaini tulikuwa kwa wakili. Sie tukasaini, nikapiga mhuri wangu kwa nguvu zote. Kisha wakili akamsogezea Bi Mwajuma kile kidude cha wino aweke dole gumba.

Bi Mwajuma akakisukuma pembeni.

"Kalamu," akasema.

Mie nikashangaa. Kumbe wiki zote zile alipokuwa anakaa na Anastazia kwenye meza ya kukatia vitambaa, nikidhani wanapiga soga, mwenzangu alikuwa anamfundisha kuandika kwa chaki ya fundi juu ya kitambaa cheusi.

Akaandika herufi moja moja. MWAJUMA. Hiyo J iliangalia upande wake yenyewe. Ilichukua muda. Alipomaliza akamgeuzia wakili karatasi, akauliza, "Linasomeka?"

"Linasomeka, mama."

Anastazia akapiga vigelegele mle mle ofisini, mpaka watu wa ghorofa ya chini wakapanda kuona nani anaolewa. Jengo likawa letu.

Somo langu kwenu vijana si refu. Ukiambiwa neno na mtu wa benki, muulize maana yake hapohapo, aibu ya kuuliza ni ndogo kuliko ya kubeba sufuria. Kampuni changa inakopesheka kama kazi inaonekana na karatasi ya jengo ni safi, kwa hiyo uliza karatasi kabla hujauliza bei. Na tafuta mwenza atakayesema ukweli hata ukimfinya.

Matusi sijibu, maswali najibu yote.

Ila kabla hamjaandika chochote, nina ombi. Kama nyumbani kwenu kuna kopo, sanduku au mfuko wa karatasi ambazo mama au bibi hajawahi kusomewa, kaeni naye mumsomee. Halafu njooni hapa mtuambie mmekuta jina la nani.