Gitaa Lililomsikia Susu Kalekye

Siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko hata siku niliyobatizwa, na Mungu anisamehe kwa kusema hivyo. Ilikuwa Jumapili, kanisani kwetu Kanyangi. Nilikuwa kijana, nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi ya makaa, na mapajani nina gitaa la kuazima. Nikapiga nyuzi, nikamtazama Susu Kalekye kumwonyesha kwamba aanze wimbo. Akaanza. Kufika ubeti wa pili sauti yake ikakatika kama kamba ya kisima, na kanisa zima likanyamaza naye.

Ngoja nikueleze huyo Susu alikuwa nani. Susu ni nyanya kwa Kikamba, na ndivyo tulivyomwita wote, ingawa hakuwa nyanya yangu wa damu. Ndiye aliyetuanzishia nyimbo. Kabla ya gitaa tulikuwa na kayamba na makofi tu, na wimbo ulianzia pale koo la Susu lilipoamkia siku hiyo. Akiwa na mafua ulianzia chini, akiwa amekunywa uji moto ulianzia juu, nasi tukamfuata. Hakuna aliyewahi kumwambia aanzie wapi. Ni mimi niliyekuja na gitaa nikampa mahali pa kuanzia, kwa sababu ndipo vidole vyangu vilipozoea. Mahali penyewe palikuwa juu mno kwake.

Jumapili iliyofuata alikaa benchi la nyuma, akasema koo linamwuma. Jumapili nyingine ikaja, akakaa huko huko. Wimbo ukaanzishwa na vijana, wazee wakasikiliza tu, mikono juu ya fimbo. Baada ya ibada, Mzee Nzioka, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, akaniita nje.

"Mutinda, gitaa tulilikubali kwa shida," akasema. "Wako waliolia hapa kwamba ni chombo cha baa. Sasa limetunyang'anya mwanzishi."

"Si magitaa yote, mzee, ni hili. Ni la kuazima, na sauti yake ni kali mno. Nitatafuta linalofaa."

"Tafuta. Lakini Sikukuu ya Mavuno ikifika na Susu bado yuko nyuma, tutarudia kayamba zetu."

Basi nikaanza kutafuta, na kutafuta kwenyewe, mwanangu, kulikuwa safari. Mjini Kitui nililiona gitaa jekundu limechorwa maua. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi kidonda nilikipata kweli, maana waya zake zilikuwa zimeinuka mbali na shingo, na vidole vikatoka damu kabla wimbo haujaisha. Duka la pili walikuwa na gitaa kubwa lililovuma kama nyuki ndani ya mzinga. Ukiimba mwenyewe hujisikii. Lingine lilikuwa jepesi na zuri, ila sauti yake ilifia pale pale mbele ya mpigaji, haifiki hata benchi la tatu.

Nikapanda hadi Nunguni, kule juu Makueni, mahali pa baridi na ukungu ambapo watu huvaa sweta mchana. Huko nikapata gitaa lenye sauti tamu kama maziwa. Mwenye duka alimjua mjomba wangu, akaniruhusu nikalijaribu nyumbani. Nikarudi nalo nikimshukuru Mungu njia nzima. Lakini mbao zilizozoea ukungu zilipokutana na jua la Kanyangi zilijikunja kama ngozi ya mbuzi uani, gundi ikaachia, na tumbo la gitaa likafunguka. Nilipolirudisha, mwenye duka aliligeuza huku na huku, kisha akanitazama.

"Kijana, ulilianika juu ya paa pamoja na mahindi?"

Alicheka, na kwa wema wake hakunidai kitu, alisema gundi anaweza kuipaka mwenyewe. Binamu yangu Kyalo, yule mwenye gitaa nililoazima, yeye hakuwa na huruma. "Mchagua jembe si mkulima!" alinipigia kelele mbele ya watu kisimani. "Kama gitaa tu linakushinda kuchagua, mke utapata mwaka gani?" Nilicheka pamoja nao, lakini moyoni nilianza kuchoka. Mahindi yalikuwa yamekauka mashambani. Sikukuu ya Mavuno ilikuwa karibu.

Nikaenda kwa Susu kumwomba radhi. Nilimkuta akipepeta ndengu, makapi yakiruka na upepo. Hakuacha kazi yake, na mimi nikaketi chini kama inavyompasa kijana.

"Susu, nimezunguka mpaka Nunguni. Sijapata."

"Unayajaribuje hayo magitaa yako?"

"Nakaa, napiga, nasikiliza."

"Unapiga pale pale pako? Pale unaponiambia nianze?"

Nikakubali. Kweli sikuwahi kupiga mahali pengine.

"Mwanangu," akasema, na ungo ukatulia mkononi, "mtu akitaka punda wa kubeba maji, atamjaribu akiwa mtupu?"

"Hapana, Susu. Atampakia mitungi kwanza."

"Basi mitungi yako ni mimi. Na bado hujanipakia popote." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Siku ya soko naenda Kwa Vonza kuuza hizi ndengu. Wewe utabeba gunia, mimi nitabeba koo."

Kwa Vonza palikuwa na fundi wa redio aliyetundika magitaa machache ukutani, mengine yake, mengine ya watu walioyaacha kutengenezwa. Hapo nikueleze jambo moja la kazi yetu. Ukitaka kumfuata mwimbaji bila kubadilisha vidole, unachukua penseli, unailaza juu ya nyuzi shingoni mwa gitaa na kuifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Akiimba chini, penseli inakaa karibu na kichwa cha gitaa, akipanda, unaisogeza kuelekea tumboni. Ujanja huu niliujua, lakini sikuwahi kuutumia kanisani kwa sababu ya kiburi kidogo. Nilitaka watu wanifuate mimi.

Susu akaketi juu ya gunia lake la ndengu, akafunga macho, akaanza wimbo. Nikatafuta sauti yake, nikafunga penseli. Gitaa la kwanza, ambalo lilikuwa limelia vizuri sana lilipokuwa bila penseli, sasa likageuka chachu. Shingo yake ilikuwa imepinda kidogo tu, na penseli ndiyo iliyofichua.

Susu akafungua jicho moja. "Hilo limekunja uso."

La pili lilikuwa vile vile. Ukutani likabaki moja, dogo, rangi ya kahawa, lina ufa uliogundishwa kutoka kwenye tundu hadi chini ya tumbo. Sikulitaka. Nilikuwa kijana, nani angetaka kusimama mbele ya kanisa na chombo chenye kovu?

"Hilo ni langu, lilipasuka wakati wa ule ukame mrefu," fundi akasema. "Nikalifunga. Tangu hapo halijasogea hata kidogo. Limeshakauka lote, halina maji ya kukauka tena."

Nikalipokea kwa sababu ya adabu tu. Susu akaanza chini kabisa, karibu na sauti ya mwanamume. Nikafunga penseli, nyuzi zikalia sawa. Akaukatiza wimbo makusudi, akaanza mwingine juu zaidi. Nikasogeza penseli, zikalia sawa. Mwanamke aliyeuza nyanya hapo karibu akaanza kupiga makofi, na mwenzake wa vitunguu akaingia kwa sauti ya pili. Susu akapanda tena, macho yake sasa yamefunguka, ananitazama kwa ukorofi kama msichana. Gitaa likamfuata. Sauti yake haikupotea ndani ya nyuzi. Ilikaa juu yake kama mtu aliyeketi kitini pake.

"Hili linasikia," akasema alipomaliza. "Lichukue kabla sijaishiwa na koo."

Fundi alikubali mbuzi wangu dume na mtungi wa asali. Tulipatana hapo hapo, na kila mmoja akaona amebarikiwa.

Sikukuu ya Mavuno ilipofika, kanisa lilijaa maboga, mtama na kuku waliofungwa miguu. Susu alikaa benchi la nyuma, na mimi nikakata tamaa kidogo. Ulipofika wakati wa sadaka sikupiga wala sikutoa ishara. Nilingoja, na kungoja huko kulikuwa kurefu kwangu. Mara huko nyuma ile sauti ikainuka, chini, nzito, bila kuuliza mtu. Watu walikuwa wameshaingia kabla sijafunga penseli. Niliwakuta mstari wa pili. Susu akaja mbele akiimba, ungo wa ndengu kichwani, na wale wazee walioacha kuimba wakasimama.

Baada ya ibada Mzee Nzioka hakutoa hotuba. Alichukua kiti chake mwenyewe, akakiweka kando ya benchi la mbele alipokuwa ameketi Susu.

"Utakuwa unakaa hapa," akaniambia, "umsikie vizuri."

Nilikaa kwenye kiti hicho hadi Bwana alipomwita Susu, na sijui kama nimewahi kuketi mahali palipo bora kuliko hapo.

Siku hizi, mwanangu, unaweza kuagiza gitaa kwa simu, lije limefungwa vizuri na liwe zuri kweli. Silaumu. Nakuomba tu usichague kitu kwa kukijaribu pale panapokupendeza wewe peke yako. Liwe gitaa, liwe kazi, liwe hata mwenzi wa maisha, kipeleke mahali kitakapotumika, mbele ya watu kitakaowatumikia, uone kama kinasikia. Ni kweli kwamba mchagua jembe si mkulima, lakini hata mkulima hulijaribu jembe udongoni, halijaribu ukutani. Ukikosa mara ya kwanza na ya pili, usilie wala usiharakishe; subira huvuta heri, na kila lisilofaa limekufundisha unachotafuta. Wala usidharau chenye kovu, kwa maana huenda ndicho kilichokwisha kuupita ukame wake. Na ukijaliwa kipawa, mshukuru Mungu kwa kuwafuata walio dhaifu kuliko wewe, hata kama ungeweza kuwatangulia.

Bwana akupe mkono mtulivu na sikio lililo wazi. Akupe watu wa kuimba nao katika mwaka wa mvua na katika mwaka wa njaa. Na nywele zako zitakapokuwa nyeupe, akuwekee karibu kijana atakayengoja mpaka wewe uanze. Amina.