Tangazo la Saa Saba

Watu wa mtaa wetu wa Gitega wakikuambia kwamba mimi Pudentienne nilimuua Habiyaremye, usiwasikilize. Wana midomo hao. Mimi niliweka kaseti tu.

Nianze na Gaudiose, binti wa marehemu kaka yangu, maana balaa lote lilianzia kwenye masomo yake. Mwaka wa tisini na moja alikuwa anasomea utangazaji katika chuo kidogo kule Kicukiro, upande wa Kiswahili. Kiswahili amekitoa kwangu. Mimi nimekulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, na nyumbani kwangu haingii lugha ya kuokoteza. Habari za michezo alisoma vizuri, bei za sokoni vizuri sana. Matangazo ya vifo ndiyo yaliyomshinda. Na kwetu redio ni hayo! Simu wanazo wangapi? Mtu akifa, familia inapeleka karatasi redioni, na saa saba mchana kila nyumba inaacha kula ili isikie ni nani na anazikwa lini. Sasa Gaudiose wetu alikuwa anamsoma marehemu kwa furaha, utadhani anatangaza harusi.

Mwalimu wake, Damascène, mtu mwembamba asiyecheka hata kwa bahati mbaya, alimwambia waziwazi, "Binti, sauti yako ni nzuri ila hakuna anayeiamini. Alhamisi unarudia mtihani. Ukishindwa tena, chuo basi." Kisha akamshauri aachane na majina ya kubuni. "Chukua mtu unayempenda, mwandikie tangazo, ulisome mpaka likuume."

Gaudiose akamchagua Habiyaremye, fundi viatu ambaye kibanda chake na changu cha ushonaji vinatenganishwa na ukuta mmoja. Mzee wa miaka sitini na kitu, mbishi, mpenda mishikaki. Alimtengenezea Gaudiose viatu tangu darasa la kwanza, na kila mara alilalamika kwamba mtoto huyu ana miguu ya askari. Jumapili Gaudiose akajifungia chumbani na redio kaseti, akatoka macho mekundu na kaseti mkononi. "Shangazi, kesho nisikilizie, halafu uniambie ukweli. Usinifurahishe."

Jumatatu nilikuwa na magauni matatu ya ubatizo, na yote yalitakiwa jioni ile ile. Kaseti nikaja kuikumbuka saa saba. Saa saba, jamani! Niseme nini, akili yangu ilikuwa kwenye kola. Nikaiweka, nikafungua sauti mpaka mwisho ili ishinde kelele za cherehani.

"Familia ya mzee Habiyaremye, fundi viatu wa Gitega, inasikitika kuwatangazia kifo chake kilichotokea leo asubuhi. Jamaa na marafiki walioko Remera, Kicukiro na Bujumbura mnaarifiwa..."

Yesu na Maria! Mguu wangu uliacha kanyagio. Nililia mimi, na mzee nilikuwa nimemwona asubuhi hiyo hiyo akipanda basi kwenda Remera kununua soli! Nikajifuta, nikarudisha kaseti nyuma, nikaisikiliza tena. Ndiyo, mara mbili. Hapo nakubali kosa.

Kumbe Béatha, jirani yetu muuza mkaa, alikuwa anapita nje ya dirisha. Kwake yeye ilikuwa redio, na ilikuwa saa saba. Hakuuliza mtu. Aliweka mikono kichwani akaondoka na kilio chake. Kufika saa tisa, uani kwa Habiyaremye kulikuwa na watu arobaini, viti vimeazimwa, kuni zimeletwa, pombe ya ndizi iko tayari, na mkewe ameshikiliwa na wanawake wawili. Mimi bado nashona kola.

Mzee akarudi na soli zake kwapani. Kuona msiba nyumbani kwake, akavua kofia, akakaa kwa adabu kwenye benchi la nyuma, akaanza kulia. Kisha akamnong'oneza wa pembeni yake, "Pole, ndugu. Ni nani?" Yule akageuka. Mayowe yake niliyasikia nikiwa kwenye cherehani.

Siku hiyo nilitukanwa kwa lugha tatu. Nilivumilia. Kilichoniuma ni Gaudiose, aliyekaa kitandani bila hata kuvua viatu. "Shangazi, umenimaliza. Tangazo la uongo pale chuoni halisamehewi. Mwalimu akisikia, hata mtihani sifanyi." Na mwalimu alisikia. Jumatano alituma ujumbe kwamba binti aje na mlezi wake.

Alhamisi tukaenda Kicukiro, yeye mbele mimi nyuma. Mlangoni tukamkuta Habiyaremye, amevaa koti la Jumapili, viatu vinang'aa.

"Wewe nani amekuita?" nikamuuliza kwa ukali, maana nilikuwa na aibu.

"Marehemu haitwi, Pudentienne. Anakuja mwenyewe."

Ndani, Damascène alikuwa amekunja uso. Mzee hakumngoja aanze. "Mwalimu, mimi ndiye niliyekufa. Umesema sauti ya mtoto huyu haiaminiki. Sasa nisikilize. Béatha aliniona kwa macho yake nikipanda basi asubuhi. Aliposikia sauti hii, aliiamini sauti, macho yake akayaacha."

Mwalimu akampa Gaudiose karatasi ya tangazo lile. "Soma. Mbele yake."

Akasoma. Alipofika kwa jamaa na marafiki, mzee alikuwa ameshusha kofia usoni, anajifuta pua kwa mkono wa koti. Gaudiose naye machozi yakaanza kumlengalenga. "Hapana," mwalimu akamwambia. "Wanaolia ni wasikilizaji. Wewe maliza." Akamaliza. Mwalimu akaandika alama. "Umefaulu. Na kaseti hiyo ifutwe leo."

Nilitaka kupiga vigelegele, nikajizuia kwa kuwa ni ofisini.

Njiani Habiyaremye akamwambia Gaudiose, "Siku ya kweli ikifika, usimwachie mwingine anisome."

"Mzee, acha hayo."

"Niahidi, wewe miguu ya askari." Akamwahidi.

Gaudiose alipomaliza chuo aliajiriwa redioni. Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na tatu, Habiyaremye na mkewe wakaenda Kibungo kumtembelea binti yao. Wiki ya pili nilikuwa kwenye cherehani, Béatha amesimama mlangoni anasubiri sketi yake, saa saba ikafika, na sauti ya Gaudiose ikatoka redioni.

"Familia ya mzee Habiyaremye, fundi viatu wa Gitega, inasikitika kuwatangazia..."

Karatasi aliletewa dakika kumi kabla, aliniambia baadaye. Mwenzake alitaka kumpokea, akakataa. Alisoma polepole mpaka mwisho, na sauti haikutetemeka.

Béatha hakulia. Alinitazama kwa hasira. "Pudentienne, tena?" Akaja mpaka kwenye redio, akafungua kidirisha cha kaseti kwa kidole chake chenye masizi, akachungulia.

"Hamna kaseti," akasema, akakaa sakafuni.